Nembo za Mama Kwenye Miti

Mwezi uliopita mwalimu mmoja kijana alinishika mkono akanipeleka shuleni kwake, wanakosoma watoto wasioona, ili niguse kazi aliyoifanya. Alikuwa amefunga kamba ya katani kutoka mlango wa bweni hadi jikoni, na nyingine kutoka jikoni hadi chooni, na kila mahali pa kukata kona amepiga fundo. Fundo moja ni jikoni, mawili ni chooni. Alikuwa na furaha mpaka maneno yakawa yanamgongana mdomoni. "Bibi, wewe umeishi bila macho tangu utotoni. Unaionaje?" Nikaishika, nikaifuata kidogo. Ilikuwa usawa wa kifua changu. Nikamwambia, "Mwalimu, kamba hii umejifungia mwenyewe. Mtoto wa miaka sita atapita chini yake kama kuku." Akacheka, lakini alinisikia, kwa sababu kesho yake nilisikia wanapigilia vigingi vifupi.

Niliporudi nyumbani sikula. Harufu ya kamba mbichi ilinikaa kiganjani hata baada ya kunawa, na mambo niliyoyafukia siku nyingi yakaanza kufukuka moja moja. Ndiyo maana nimemwita mjukuu wangu achukue kalamu. Nawaandikia nyie wa rika langu, ambao sasa tumebaki wa kuhesabika, mliokula mizizi ya ming'oko porini tukiwa watoto na mnaojua tawi la mti likilala njiani lina maana gani. Hawa vijana tutawaeleza taratibu.

Mimi na Chilumba tulipofuka kwa ndui ile ile. Ilipita uwandani kwetu, juu ya Newala, ikamchukua mama mdogo, mdogo wake Mama, ikamwacha mwanawe Chilumba mikononi mwetu bila macho, na mimi nikapona bila macho vilevile. Mimi nilikuwa nimekwisha kuona vya kutosha. Mpaka leo naujua wekundu wa udongo wetu na weusi wa moshi. Chilumba alikuwa mdogo mno, hakubakiwa na kitu. Watu wakija kutusalimu walisema, "Maskini," na neno hilo hadi leo likinifikia masikioni damu hunichemka. Mama hakulisema hata mara moja. Alinituma mchi, alinituma ungo, alinipa kunde nizichambue, na nikikosea alinigombeza kama mtoto yeyote.

Mama nilimjua kwa uso. Nyie wenzangu mnakumbuka, wakati ule mwanamke wa Kimakonde hakuwa mwanamke bila nembo. Alichanjwa usoni kwa kisu, ukapakwa mkaa kwenye vidonda, ngozi ikapona imeinuka, na ukiipapasa kwa kidole unaisoma. Kwenye paji la uso Mama alikuwa na pembe zilizopangwa moja ndani ya nyingine. Shavu la kulia lilikuwa na mistari iliyolala upande, shavu la kushoto lilisukwa kama mkeka, na kidevuni zilipangwa chembe ndogo ndogo. Juu ya mdomo palikaa ndonya, kipande cha mpingo cha mviringo, chenye ubaridi wa asubuhi. Kila alipoketi kupumzika nilimpanda mapajani nikamsoma uso kutoka juu hadi chini. Alinivumilia mpaka nimalize, kisha ananisukuma, "Haya, umeshaniona. Shuka, una miguu mizito."

Nembo zile zote alizichanja kaka yake, mjomba wetu Nandonde. Alikuwa fundi anayeitwa hadi Mnyambe na vijiji vya chini ya mlima, na wanawake waliliogopa jina lake na kulitamani kwa pamoja. Kwetu mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa baba, na baba yangu mimi alikuwa amekwisha kuhamia kwa mke mwingine, kwa hiyo sote watatu tulikuwa mikononi mwake.

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kichaka. Nikisema kichaka msifikirie haya majani mnayoyaona siku hizi chini ya mikorosho. Kilikuwa kichaka ambacho mbwa akikifikia anazunguka. Babu zetu walikitunza hivyo kwa makusudi tangu vita vya Wangoni, na katikati yake waliacha uwanja mdogo tuliouita ndani. Huko walifukia mitungi ya maji na muhogo mkavu. Njia ya kwenda ndani ilikuwa moja, lakini ilikuwa na njia panda nyingi za uongo. Nyingine ziliishia kwenye miiba, nyingine kwenye mashimo ya zamani, na ile kubwa kuliko zote iliishia kwenye shamba lililoachwa, kwenye ukingo wa mlima, mahali peupe pasipo pa kujificha.

Hatari ikija, anayetangulia huvunja tawi la mti akalilaza kwenye njia isiyofuatwa. Anayekuja nyuma akiliona, anajua njia hiyo imefungwa na wenzake wamepita nyingine. Hakuna haja ya kuita. Watoto wa kwetu walilijua jambo hilo kabla ya kujua kuhesabu.

Sisi wawili tawi hatukuliona. Siku moja, vita vya Mdachi vikiwa bado havijafika kwetu, palipigwa yowe, watu wakakimbilia ndani, ikaonekana baadaye ni wasafiri tu. Lakini siku ile sisi tulibebwa mgongoni, Chilumba akalia njia nzima, na aliyembeba akapotea kwenye njia panda. Waliporudi, Bibi Nachuma, mkubwa wa ukoo wetu kwa upande wa wanawake, alimjia Mama akitwanga.

"Mama Somoe," alimwambia, "siku ya kweli hatutakuwa na migongo ya kubeba kila mtu. Na huyu mdogo analia."

Mchi ukasimama. "Unasema nini, bibi?"

"Sijasema. Nimesema analia."

Mimi nilikuwa mlangoni nikisikiliza. Nilidhani maana yake mimi na Chilumba tutaachwa kulinda nyumba, na nikajivuna kwa kazi hiyo. Nilimwambia Chilumba asiogope, nitakuwa na mchi. Mama alipoanza kutwanga tena, alitwanga kwa nguvu mpaka unga ukaruka.

Kesho yake mjomba Nandonde alikuja. Nilimwamkia, "Shikamoo, mjomba," akaitikia, "Marahaba," kwa haraka, na nikajua ana jambo. Yeye na Mama walinong'ona, kisha wakaingia kichakani, na tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa na kazi moja tu, ya kututafutia njia mimi na Chilumba.

Mjomba alianza na kamba. Alimenya magome, akasokota, akaifunga mti kwa mti. Chilumba akaigeuza bembea. Mchwa wakaanza kuila sehemu iliyobaki, na Bibi Nachuma alipoiona alisema wazi, "Kamba hiyo mnamfungia nani? Askari naye ana mikono." Ikaondolewa siku ile ile. Akajaribu vigae vya vyungu, akavipanga chini ili miguu yetu ivisikie. Ilikuwa njia nzuri, tuliipenda, lakini mvua moja tu ikavizika mchangani. Mawe hatukuwa nayo. Nyie mnaujua mchanga wetu wa juu, jiwe ni kitu cha kupanda nacho kutoka bondeni.

Basi ikawa siku moja amekaa uani amechoka, amekasirika, na mimi niko mapajani kwa Mama namsoma uso. Nikasikia anasogea karibu yetu. Mama akamuuliza ana nini. Akasema, "Endelea, Somoe. Shavu hilo ni lipi?"

"La kulia."

"Umejuaje?"

"Mjomba, si wewe uliyelichora?"

Akainuka bila kuaga. Nikasikia anachukua kisu chake kidogo cha nembo, na Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya yowe.

Alama za kwanza alizikata kwenye miti akiwa amesimama. Mama akazikagua. "Kaka, hapa umemchanja nani? Twiga?" Mjomba akakasirika, kisha akapiga magoti. Akajifunga kitambaa machoni, akatembea kwa magoti kichakani, na Mama aliyekuwa akimtazama alicheka mpaka akakaa chini, kwa kuwa alijigonga kwenye kila mti aliokuwa ameuchanja mwenyewe. Lakini alijifunza. Alijifunza kwamba mkato mwembamba hupotea kwenye gome lenye mikunjo, na mti wenye utomvu huponya kidonda chake na kukifunga. Akachagua miti migumu yenye gome laini. Alijifunza kwamba alama haiwekwi kwenye njia panda, kwa sababu mtoto akishafika hapo amekwisha kupotea. Inawekwa kabla, ili mkono upate kujiandaa. Kipimo chake kilikuwa mkono wa Chilumba. Kama Chilumba hawezi kuacha mti huu na kuufikia unaofuata bila kutangatanga, alitafuta mti mwingine katikati, na pasipokuwa na mti alichimbia nguzo.

Na alama zote alizikata upande wa nyuma, unaotazama kichaka, chini kabisa, mahali ambapo mtu mzima mwenye macho hana sababu ya kupeleka mkono wake. Ukiwa njiani unaona mti tu.

Lugha yake tuliijua tayari. Pembe za paji la uso zilikuwa mwanzo wa njia. Shavu la kulia, kata kulia. Shavu la kushoto, kata kushoto. Tundu la mviringo, lenye ukubwa wa kidole, lilikuwa ndonya, na maana yake simama, mbele kuna shimo. Chembe za kidevuni zilikuwa mwisho. Ukizigusa, kaa chini, umefika. Chilumba, ambaye alikuwa mzito kwa kila kitu, aliijua njia ile kwa muda mfupi tu. Tulikuwa tunakimbia. Mnielewe vizuri, watoto wawili vipofu tulikuwa tunakimbia katika kichaka ambacho watu wenye macho walikipita wameinama. Sijawahi kufurahi namna ile tena.

Bibi Nachuma akaja kukagua. Aliambiwa ni mti upi, akauzunguka, akauangalia juu mpaka chini, asione kitu mpaka nilipomshika mkono nikamuweka kidole. Akakohoa. "Haya," alisema. "Waje. Lakini akilia, mdomo nitamfunga mwenyewe, kwa mkono huu." Mama akajibu, "Ahsante, bibi."

Wakati huo dunia ilikuwa imeanza kubadilika, nami nilikuwa naisikia ikibadilika bila kuielewa. Vijana walishuka upande wa Lukuledi wakarudi wanaongea kwa sauti mpya, wakisema maji yamekuja, na sisi watoto wa uwandani, ambao mama zetu walitumia nusu siku kufuata chemchemi bondeni, tulidhani tutachimbiwa kisima. Mchuuzi wa chumvi hakuonekana. Ngoma za vijiji vya chini zikanyamaza. Watu waliokuwa wakipita mlangoni na kusalimu walipita bila kusalimu, na wengi wao walikuwa wanapita kuelekea upande mmoja.

Kisha ikaja harufu. Upepo uligeuka, ukatuletea kutoka chini harufu ya mtama unaokaangwa, mtama mwingi, tamu ajabu. Mate yalinijaa mdomoni.

"Mama, kuna jando kule? Wanapika nini?"

"Nyamaza, Somoe."

"Lakini wanapika sana."

Nilisikia anatia unga kwenye kikapu na kukibana kifuniko. Harufu ile ilikaa nasi, leo kali, kesho imefifia, na kila ilipozidi mimi na Chilumba tulikaa mlangoni tukiivuta, tukibishana watatuletea sahani au hawataleta. Ni mjomba aliyetuondoa. "Ingieni nyumbani. Ni maghala ya watu yanaungua hayo." Nilimwelewa maneno, lakini tumbo langu halikumwelewa. Hivyo ndivyo mtoto alivyo, hana namna.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Mama alikuwa ameondoka na wanawake wenzake jogoo anawika, kushuka bondeni kuteka maji, na alituachia muhogo wa kuchemsha. Tulikuwa tunakula mjomba alipoingia. Hakuitikia shikamoo. Alinishika mabega.

"Somoe, askari wa Mdachi wanapanda. Mchukue mwenzako, mwende ndani sasa hivi. Peke yenu. Mtaweza?"

"Tutaweza."

Bibi Nachuma alikuwa uani, nikamsikia anasema kwa hasira kwamba wanaowaongoza askari si wageni. Ni watu wa huku huku, Wayao na Wamakua wa Masasi, na wengine ni Wamakonde kama sisi. "Tawi wanalijua, Nandonde. Wataliona, watapita palepale tulipopita."

Mjomba akagonga mlango kwa kidole. Nilizoea kumsikia akigonga hivyo anapotafuta mahali pa kukata. Kisha akasema, "Basi tutawapa tawi. Nitalilaza kwenye njia yetu. Waifuate ile ya shamba la ukingoni."

"Na watu wetu?"

"Watu wetu waliokuwa nyumbani wamekwisha kuingia. Waliobaki ni hawa wawili, na hawa hawasomi tawi." Akarudi kwangu. "Sikiliza, Somoe. Leo tawi litasema uongo. Nembo hazitasema uongo. Fuata nembo, na ukikanyaga tawi usisimame, livuke."

"Na Mama?"

"Mama yako na wenzake nitawangoja mimi mwenyewe kwenye njia ya maji, niwaambie habari ya tawi. Nitamleta."

Nilimwamini, na hata leo sioni kwa nini nisingemwamini. Njia ya maji ilikuwa moja, wanawake wote walipandia hapo, na Mama hakuwa mtu wa kukawia. Nikamfunga Chilumba mkononi kwa ncha ya kaniki yangu, tukaingia kichakani.

Tulipita vizuri. Paji la uso. Shavu la kulia. Ndonya, tukasimama, tukalizunguka shimo. Kwenye njia panda kubwa nilikanyaga tawi, majani yake bado mabichi na yana umande, nikalivuka kama nilivyoagizwa, na Chilumba akalivuka nyuma yangu bila kuuliza. Shavu la kushoto. Kisha njia ikazunguka, ikarudi, na mkono wangu ukagusa kidevu. Tukakaa chini. Pembeni yetu palikuwa na pumzi za watu wengi wanaojizuia kupumua. Bibi Nachuma alifika kwa mlango mwingine wa miiba aliokuwa akiujua yeye peke yake, akamchukua Chilumba akampakata, kiganja tayari mdomoni mwake. Chilumba hakulia. Niseme haki yake, siku ile hakulia hata kidogo.

Jambo moja la mahali pale lazima mlielewe. Njia iliyokwenda ndani ilizunguka sana, kiasi kwamba mgeni alidhani ndani kuko mbali. Kumbe uwanja wetu ulikuwa umeegemea njia panda ile ile kubwa, ukitenganishwa nayo na ukuta wa miti na miiba tu. Mtu akikohoa njia panda, sisi tulimsikia.

Tulikaa kimya kama maji mtungini. Ndege nao walikuwa wamenyamaza. Jua lilikuwa limepanda na nilisikia joto lake utosini. Kisha zikaja nyayo.

Zilikuja mbio, peku, mchangani. Watu wote wakajikunyata. Kwao zilikuwa nyayo tu, na nyayo siku ile zilikuwa za adui. Lakini mimi nilisikia kitu kingine pamoja na nyayo zile. Nilisikia maji yakigonga ukingo wa mtungi, na majani yanayowekwa juu ya maji ili yasimwagike yakikwaruzana. Nilisikia pumzi ikipita pembeni mwa ndonya kwa mluzi mdogo nilioufahamu kuliko jina langu. Alikuwa Mama.

Mwanamke aliyekuwa naye chemchemini alitueleza baadaye ilivyokuwa. Waliambiwa huko huko bondeni, na watu waliokuwa wakikimbia, kwamba askari wamekwisha kupanda. Wenzake wakashika njia ya maji. Mama akasema njia ya maji ni ndefu, na yeye ana watoto wasioona. Akapandia kwenye mizizi, genge kwa genge, mahali ambapo hata wanaume hupanda mikono mitupu, na mtungi kichwani, kwa sababu alijua ndani hatuna maji ya kutosha. Mjomba alikuwa anamngoja upande mwingine.

Alifika njia panda akasimama. Nilisikia anautua mtungi. Kimya. Alikuwa analitazama tawi.

Nami nilijua anachokitazama. Nilijua tawi linasema uongo, nilijua Mama hajui, na moyo ulinidunda kwa furaha. Ndiyo, furaha. Nilidhani ni mchezo mkubwa kuliko yote tuliyowahi kuicheza. Nilidhani baada ya kitambo atakumbuka, atapeleka mkono nyuma ya mti, ajiguse shavu lake mwenyewe, acheke, na aje. Lakini Mama alikuwa na macho. Mtu mwenye macho haendi kupapasa mti wakati njia imelala mbele yake. Kwa macho yake, tawi lilikuwa limemwambia wazi kwamba huku hakuna mtu, wanawe wamepita kule.

"Wamepita huku," alisema, kwa sauti ya chini, kama anayejitia moyo.

Akaubeba mtungi. Nyayo zikaingia njia ya shamba la ukingoni, na zilikwenda mbio kuliko zilivyokuja.

Nikaegemea sikio la Chilumba nikamnong'oneza, "Hata Mama hajajua!" Sikumaliza. Kiganja cha Bibi Nachuma kiliacha mdomo wa Chilumba kikafunga wangu, kikaubana mpaka meno yakaniuma. Hakujua ni nani aliyepita. Alijua tu mtoto amesema.

Bado amenishika hivyo, wakaja wengine. Hawa walivaa viatu. Walisimama njia panda, mmoja akasema jambo kwa Kiyao, mwingine akacheka, na kitu cha chuma kikagonga mti. Mwenye Kiyao alitangulia. Viatu vikamfuata, vingi, kwenye njia ile ile aliyoishika Mama. Mpango wa mjomba ulikwenda sawasawa kama alivyoukata. Baadaye, mbali, upande wa ukingo, nikasikia mtungi ukipasuka. Nilifikiri Mama atakasirika sana, maana ule ulikuwa mtungi wake mpya.

Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyekamatwa ndani siku ile. Watu wazima na watoto, sote tulisalimika. Mama hakurudi. Wanawake waliokamatwa ukingoni na mashambani walifungwa pamoja, wakatwikwa mtama uliobaki, wakapelekwa upande wa Lindi. Mmoja wao alirudi miaka mingi baadaye, nami nimekwisha kuwa mke wa mtu. Alisema alitembea na Mama mpaka mahali fulani njiani, kisha wakatenganishwa. Alisema Mama alikuwa akimwuliza kila mtu kama amewaona watoto wawili wasioona, aliowafuata mpaka shambani asiwakute. Njaa ilipoingia baada ya vita wengi wetu walikufa, Chilumba akiwa mmoja wao, na mjomba Nandonde hakumchanja mwanamke yeyote tena. Walimletea mabinti, walimbembeleza, akawaambia mkono umekufa.

Lakini hayo yote niliyajua baadaye. Siku ile nilikuwa sijui kitu. Jua lilikuwa limepungua makali mjomba alipofika ndani. Alikuja anahema. Alikuwa amengoja kwenye njia ya maji mpaka wanawake wa mwisho wakapita, na Mama hakuwa miongoni mwao.

"Dada yangu amefika?" aliuliza.

Hakuna aliyejua. Nikasimama. Mimi ndiye niliyekuwa na habari, na nilikuwa nimeibana tangu asubuhi mpaka kifua kinauma.

"Alipita, mjomba! Nimemsikia kwa masikio yangu. Alisimama pale njia panda na mtungi wake, akaliona tawi lako, akashika njia ya shambani. Hata Mama hakujua, mjomba! Hata yeye!"

Nikapapasa mpaka nikampata, nikamshika mkono, nikainua uso wangu kwake, nikangoja anisifu.